Mzigo Usioingia Kwenye Mchoro

Mwanzoni mwa Novemba 1871, kwa tarehe alizoziandika mwenyewe, Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari David Livingstone, aliingia Uha, nchi ya Waha. Alikuwa ameondoka Bagamoyo mwezi wa tatu, akakwama Tabora kwa vita vya mtemi Mirambo, akazunguka kusini kuvikwepa, kisha akavuka mto Malagarasi na kupanda kwenye nyanda za majani zinazoinuka kuelekea Kasulu. Huko akakutana na Mionvu, chifu wa sehemu hiyo, na Mionvu hakuwa mtu wa kupokea salamu akakupisha njia. Alidai hongo, yaani ushuru wa njia, ya doti 100 za nguo. Baada ya kuvutana sana wakamalizana kwa doti 75. Haikupita muda akajitokeza mwingine mwenye dai lake, na habari zikaja kwamba mbele wapo wengine tena. Stanley akapiga hesabu akaona kwamba akiwalipa wote hao atafika Ujiji mikono mitupu. Akamkodi mwongozaji kwa nguo, msafara ukaondoka usiku, ukakata porini mbali na njia kuu, moto marufuku na maneno marufuku. Mwanamke mmoja wa msafarani aliyeanza kupiga mayowe alinyamazishwa kwa kiboko.

Asubuhi ya kuingia Ujiji alijipamba. Alitoa suti mpya ya flana, viatu vyake vikapakwa mafuta, kofia ikapakwa chaki hadi ikawa nyeupe pe. Miezi minane ya tope na homa, halafu suti mpya! Mtu anayejiandaa hivyo anajua kwamba atachorwa.

Na kweli alichorwa. Mwaka 1872 ilichapishwa picha ya kukutana kwake na Livingstone. Ilichorwa Uingereza kwa maelezo aliyoyatoa yeye, na chini yake akaweka maneno ya kuhakikisha kwamba ni sahihi kama vile kamera ingekuwapo pale. Kamera haikuwapo. Hata tarehe yenyewe ina mgogoro: Stanley ameandika Novemba 10, ilhali daftari la Livingstone linaiweka siku hiyo mwishoni mwa Oktoba. Lakini picha ilikuwa imeshapanga watu. Wazungu wawili wako katikati, kofia mkononi. Waarabu na watu wa Ujiji wamesimama upande mmoja, wapagazi upande mwingine, na bendera ya Marekani iko juu yao. Kuanzia siku hiyo, yeyote aliyetaka kulikumbuka tukio lile kwa jiwe, kwa shaba au kwa karatasi alikuta mchoro wa awali umeshafanywa.

Ukienda leo kwenye jumba la kumbukumbu la Ujiji utawakuta wawili hao wamesimama ndani, ukubwa wa mtu mzima, wametengenezwa kwa karatasi zilizolowekwa gundi. Nje kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, na miembe inayosemekana kuwa vizazi vya mwembe ule wa mwanzo. Huko Edinburgh, Amelia Robertson Hill alimtengeneza Livingstone wa shaba katika miaka ya 1870, Biblia mkononi. Mwaka 2011 mji wa Denbigh, alikozaliwa Stanley, ulizindua sanamu yake iliyofanywa na Nick Elphick: Stanley amenyoosha mkono wa kusalimia, na anayesalimiwa hayupo, kwa hiyo mpita njia yeyote anaweza kuushika. Wako watu wa mji ule waliochukizwa nayo hata ikabidi mwaka 2021 wakazi waulizwe kwa kura kama iondolewe, na waliopiga kura wakaamua ibaki. Katika kazi zote hizo Mionvu hayumo. Mwongozaji aliyewapitisha porini hayumo. Yule mwanamke ndiyo kabisa.

Si kwamba wachongaji hao walikaa wakapanga kuwaficha Waha. Waliwapokea watu ambao penseli ya mwaka 1872 ilikuwa imewachagua, wakaendelea nao. Ndiyo sababu naona anayetaka kuielewa sanamu ya kumbukumbu asianze na shaba. Aanze na makaratasi.

Katika karakana, shaba ni kitu cha mwisho. Mchongaji huanza kwa kuchora umbo kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka mgongoni, kwa kuwa sanamu ya uwanjani itazungukwa na watu na haina upande wa kuficha kosa. Akiridhika hufinyanga kielelezo kidogo cha udongo kinachotosha kukaa juu ya meza, ndani yake mna kiunzi cha waya. Hapo bado mambo ni rahisi. Ukitaka mkono uinuke unakunja waya, ukitaka mtu wa pili apatikane unaongeza tonge la udongo, ukimchukia unamng'oa. Kielelezo kikikubaliwa kinapimwa kwa bikari, nukta kwa nukta, na kila kipimo kinakuzwa hadi udongo wa ukubwa kamili usimame juu ya kiunzi cha chuma, ukifunikwa kila jioni kwa matambara mabichi usije ukapasuka. Baada ya hapo huja plasta, huja kalibu, huja nta, na mwisho kabisa wasubi huyeyusha shaba na bati na kumimina. Kuanzia kwenye plasta kila badiliko lina bei yake. Baada ya kusubu, hakuna linalobadilika ila kwa msumeno na nyundo.

Kwa hiyo ugomvi wa kweli hutokea mbele ya kielelezo cha udongo, kwenye chumba chenye watu wachache ambao majina yao huwa hayaandikwi kwenye jiwe. Ugomvi unaojulikana kuliko yote wa aina hiyo ulitokea Calais, Ufaransa. Mwaka 1884 mji ule ulimwita Auguste Rodin atengeneze kumbukumbu ya wazee waliojitoa wauawe ili mji wao upone, ulipokuwa umezingirwa na mfalme wa Uingereza mwaka 1347. Wakubwa wa mji walikuwa na shujaa mmoja akilini, Eustache de Saint-Pierre. Rodin akaleta kielelezo chenye watu sita. Mwaka uliofuata akaleta cha pili, na hapo kamati ikakasirika: mbona wameinamisha vichwa, mbona wanaonekana wamekata tamaa, ushujaa uko wapi? Rodin hakurudi nyuma. Alifinyanga kila mmoja uchi kwanza ili ajue uzito wa mwili umekaa mguu gani, ndipo akamvika kanzu ya turubai. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1895, na hata hapo iliwekwa juu ya msingi mrefu ambao mwenyewe hakuutaka. Alitaka wazee wale wakae chini, usawa wa watu wa soko. Waliteremshwa mwaka 1924, yeye akiwa amekufa miaka saba kabla.

Juu au chini, basi. Swali hilo la Calais ndilo lililoamua sanamu kubwa mbili za Dar es Salaam, na ya pili kati yao inawahusu watu wa Uha, wa Kasulu na Kibondo, kuliko wanavyoambiwa.

Ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1909. Wajerumani walitaka kumkumbuka Hermann Wissmann, aliyeletwa mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri na baadaye akawa gavana wao, na aliyefariki mwaka 1905. Kazi ilifanywa Ujerumani na mchongaji Adolf Kürle. Mpangilio wake haukuwa wa kubahatisha hata kidogo. Wissmann alisimama juu ya jiwe, mkono kwenye upanga, macho yakielekea mbele. Chini, miguuni pa jiwe, palikuwa na simba aliyekufa na askari Mwafrika anayemfunika simba huyo kwa bendera ya Kijerumani, uso ameuinua kumtazama bwana wake. Hebu fikiria mchoro wa ubavuni wa kitu hicho: mstari mmoja wa penseli unapanda kutoka kwa mnyama hadi kwa askari, hadi kwa Mzungu. Aliyeuchora mstari ule alikuwa amekwisha kusema yote ambayo dola lilitaka yasemwe, na shaba iliongeza uzito tu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Uha vilitokea magharibi. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Rwanda na Burundi katika nusu ya kwanza ya mwaka 1916, yakachukua Gitega mwezi wa sita, kisha yakateremka upande wa Ziwa Tanganyika. Julai 26 Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, isitekwe. Siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa Wabelgiji, na Septemba 19 wakaingia Tabora. Uha ikabaki chini yao hadi mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Ni miaka mitano ambayo vitabu vya shule huipita kwa sentensi moja, pengine hata hiyo haipo, ingawa mzee wa kizazi kile wa Heru au Muhambwe, tawala za Uha, alihesabu tawala tatu za Kizungu kabla ndevu hazijawa nyeupe.

Jeshi la wakati ule halikutembea kwa magari. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, barabara hazikuwapo, reli zilikuwa chache na Wajerumani waliziharibu kila walipoziachia. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Kila gunia la mchele, kila sanduku la risasi, kila kipande cha mzinga kilipanda kichwani au begani, mzigo wa kilo 25 hivi, mchana kutwa. Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000 katika kampeni ile, wakiwachukua vijijini kila walipopita. Upande wa Waingereza waliopita katika kazi hiyo wanakaribia milioni moja, na vifo vilivyoandikwa rasmi vinafika 95,000 hivi. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, nimonia, malaria, na posho ya unga ambao haukuiva vizuri kwa sababu kuni zilikuwa mbichi na muda wa kupika haukutolewa. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na kambi ya wapagazi hao.

Waingereza walipoichukua Dar es Salaam, Septemba 1916, Wissmann aliteremshwa na baadaye akapelekwa London kama nyara. Wajerumani walimpata tena na kumsimamisha Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi walimvutia kamba zaidi ya mara moja na mwaka 1968 akaanguka asiinuliwe tena. Mwaka 2016 jumba la makumbusho ya historia la Berlin lilimwonyesha akiwa amelala sakafuni kama alivyoangushwa. Mkao huo Kürle hakuuchora.

Mahali palepale aliposimama, mwaka 1927, ikapandishwa sanamu ya Askari. Aliifanya Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezoea kutia sahihi kazi zake kwa jina la Myrander, na ikasubiwa na kampuni ya Morris huko Westminster. Kabla ya kupakiwa melini ilionyeshwa katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa London na ikasifiwa. Ilistahili sifa. Yule askari anasonga mbele ameinama kidogo, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini, na ukimzunguka polepole, kama magari yanavyomzunguka siku nzima, hakuna upande ambao mwili wake umelala. Ni kazi ya mtu aliyechora migongo mingi kabla ya kugusa udongo. Mwaka huohuo wa 1927 ile Götzen iliyozamishwa Kigoma, ambayo Waingereza walikuwa wameiinua kutoka majini, ilirudishwa kazini kwa jina la Liemba. Chuma cha vita kilipata ajira upya, na shaba ikapata uwanja.

Mtazame sasa aliyekuwa chini kwa Wissmann: amepanda juu, peke yake, hana bwana wa kumwinulia uso. Hilo ni badiliko kubwa na sitaki kulibeza. Lakini kila anayepanda humwachia mwingine nafasi ya chini. Maandishi ya jiwe, aliyoyatunga Rudyard Kipling na kuwekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanawakumbuka askari wenyeji, halafu yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono imebaki kwenye msingi. Yanaahidi pia kwamba anayekufa akipigania nchi yake watoto watalikumbuka jina lake, na kwenye jiwe lenyewe hakuna jina hata moja.

Ingekuwa rahisi kusema Waingereza wa wakati ule hawakuweza kufikiria mpagazi wa shaba. Waliweza. Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, iko kumbukumbu ya vita vilevile, ya miaka ileile, ya mchongaji huyohuyo Stevenson, yenye maneno hayohayo ya Kipling. Ile ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi, amesimama juu ya jiwe pamoja na wenye bunduki. Mombasa nayo ilipata watu wake kutoka mikono ileile. Mchongaji alikuwa na mpagazi ndani ya daftari lake. Alijua anavyosimama, alikuwa na vipimo vyake, na wasubi walikuwa na kalibu. Kati ya Nairobi na Dar es Salaam kilichotofautiana ni mchoro uliopitishwa: huku watatu, huku mmoja. Mji ambao ulikuwa na mtaa mzima wenye jina la wapagazi ndio uliowaacha chini.

Nimejiuliza sana kwa nini mpagazi ni mgumu kupita mezani kwa kamati, na nadhani sababu moja si ya siasa. Ni ya ufundi. Bunduki humsaidia mchongaji: inampa mstari wa mlalo, inapeleka macho ya mtazamaji mahali fulani, inaeleza mtu huyu anafanya nini. Mzigo wa kichwani unafanya kinyume. Unatia kivuli usoni, na kamati zote duniani hutaka uso. Unaweka uzito wote juu, kwa hiyo kiunzi cha ndani lazima kipite shingoni, sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Mkono mmoja umeinuka kushikilia, mwingine unaning'inia, na mabega hayawezi kuwa na ule mkao wa kishujaa unaopendwa viwanjani. Ukimchora kwa uaminifu, shingo imezama na tumbo limekazwa, macho yanatazama hatua tatu mbele na si upeo wa bahari. Rodin angempenda. Kamati ya Calais ingeuliza ushujaa uko wapi.

Wachongaji wetu wenyewe walipopata nafasi, maswali yalibadilika. Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias aliyesoma Makerere kwa Margaret Trowell na baadaye kufundisha hapohapo, ndiye aliyeitwa kutengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962. Angeweza kumsimamisha mtu mwenye cheo. Nchi mpya ilikuwa na vyeo tele, na kila mwenye cheo angependa. Akachora mama aliyeviringwa kwa kamba zinazofunguka, amemwinua mtoto juu, mtoto ameinua mikono. Ni saruji, na iko palepale hadi leo, ingawa marais na katiba vimebadilishwa mara kadhaa mbele yake. Mama yule hana uso wa mtu yeyote anayejulikana, na hilo limemsaidia: hakuna serikali iliyopata sababu ya kumng'oa. Wissmann angemwonea wivu. Stanley wa Kinshasa vilevile, aliyetengenezwa na Arthur Dupagne akiwa ameweka kiganja juu ya macho kama anayetafuta ng'ambo ya mto Kongo, maana yeye aling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kevin Oduor wa Kenya alikuwa na tatizo jingine. Sanamu yake ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa Nairobi Februari 18, 2007, miaka hamsini kamili tangu Kimathi anyongwe, ilihitaji mtu aliyesimama. Picha inayojulikana zaidi ya Kimathi ni ya Oktoba 1956, na ndani yake amelala: amejeruhiwa, amefungwa pingu, wanaomzunguka ni waliomkamata. Picha hiyo ilipigwa ili aonekane ameshindwa. Ilibidi uso na nywele vichukuliwe kutoka kwa mfungwa, kisha mwili ujengwe upya: koti la msituni, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Ni kazi ya penseli, tena ya ubishi, kwa sababu mchoraji anapingana na kamera. Songea hali ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Manduna, viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wamekumbukwa kwa sanamu katika makumbusho ya Majimaji, na kwa watu wa namna ile mchongaji huwa hana picha ya kila uso. Huchora kwa maneno ya wajukuu.

Uha ina sehemu ya tatizo la Nairobi na sehemu ya tatizo la Songea. Picha za wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 zipo, katika makumbusho ya vita ya London na katika makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Ubelgiji: safu ndefu za watu mlimani, vichwa vimegeuka masanduku. Nyuso ni ndogo mno, na mpiga picha alipendezwa zaidi na urefu wa safu. Kwa mkao, mchoraji hahitaji kwenda mbali. Aketi barabara ya Kasulu kwenda Kibondo siku ya mnada, pale Makere au mbele zaidi, achore shingo za wanaobeba mikungu ya ndizi na magunia ya maharage. Mkao huo haujapotea. Umepita barabara hizo mara nyingine nyingi pia: Warundi waliokimbia mwaka 1972, tena 1993, tena 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya, na Wakongo waliopokelewa kambi ya Nyarugusu tangu 1996. Wote walifika na kilichotosha kichwani. Na kabla yao vijana wa Kiha wenyewe, walioandikishwa Kasulu na Kibondo na wakala wa mkonge kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakapewa jina la manamba kwa sababu waliitwa kwa namba zao. Msanii akipewa kazi ya kumkumbuka mpagazi wa mwaka 1916 katika nyanda hizi atajikuta anachora historia ya miaka mia kwa mstari uleule wa shingo. Pengine kamati ingemwambia apunguze.

Hata hivyo si lazima awepo mtu juu ya jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri jambo ambalo wazee wa Kariakoo walilijua siku zote: kwamba baada ya vita vile Waafrika na Waasia wengi waliokufa, kati ya 116,000 na pengine 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Barua za wakubwa wa miaka ya 1920 zilionyesha kwamba kaburi la jina moja moja lilihesabiwa kuwa la Mzungu, na kwa Mwafrika ikaonekana sanamu moja ya pamoja inatosha. Kumbe Askari wa Dar es Salaam, pamoja na uzuri wake wote, alikuwa pia njia ya kuokoa gharama ya majina.

Mnamo Januari 2025 tume hiyo ilifungua kumbukumbu Cape Town kwa ajili ya Waafrika Kusini weusi waliokufa wakifanya kazi za vita bila silaha na bila kaburi linalojulikana, wengi wao katika ardhi ya Afrika Mashariki hii hii. Hakuna askari pale, wala mpagazi wa shaba. Kuna nguzo 1,772 za mti, kila mtu na nguzo yake, jina lake na siku aliyokufa. Mti wenyewe ni mvule, uleule ambao mafundi seremala wa huku kwetu wanaujua kwa kuvunja misumeno. Mchoro wa kitu kama hicho hauanzi na mwili. Unaanza na orodha: ukishakuwa na majina 1,772, unajua una nguzo 1,772, na kazi ya mbunifu ni kuzipanga.

Kwa Uha orodha ndiyo kazi. Wabelgiji walihesabu wapagazi kwa maelfu na kwa vikosi. Watu waliochukuliwa kutoka Heru, Muhambwe na Buyungu wakati majeshi yanapita hawakupewa vitambulisho vya kubaki. Kilichobaki kiko katika koo, kwenye habari za babu aliyebebeshwa sanduku akaenda upande wa Tabora, ambazo husimuliwa kwenye vikao vya mirathi na vya matanga, nusu jina la mtu na nusu jina la mlima. Halmashauri ikitaka kumbukumbu Kasulu au Kibondo, mtu wa kwanza wa kumlipa si mchongaji. Ni kijana wa Kiha mwenye daftari na baiskeli, anayejua kuuliza kwa Kiha na kunyamaza mzee anapovuta pumzi, aanzie vijiji vya njia ya zamani ya kuteremka Kigoma, kabla waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa watoto wa wapagazi hawajaisha. Mchongaji atakuja na penseli zake baadaye, naye ataikuta kamati imeshaketi, ikigombania kama aliyebeba risasi za Mbelgiji na aliyekufia kambini kwa Mwingereza waandikwe upande mmoja wa jiwe.